Damu Mmeitwaa, Majibu Yako Wapi?

Ndugu wapenda haki wa Kibera, Kawangware na kwingineko,

Yuko kijana mmoja wa Gatwekera, kibarua wa mjengo, ambaye ametoa damu mara tatu katika maisha yake. Mara ya kwanza aliitoa shuleni. Mara ya pili aliitoa chini ya hema nje ya kanisa, baada ya ibada ya Jumapili. Mara ya tatu aliitoa hospitalini, pale jamaa yake alipopangiwa upasuaji na ukoo ukaagizwa kuleta watu wa kujazia painti zitakazotumika. Mara zote tatu alijaza fomu, akaandika nambari yake ya simu, akajilaza, akachomwa sindano, akapewa soda na biskuti, akashukuriwa. Mara zote tatu hakusikia neno jingine.

Kisha tumbo likaanza kujaa maji na macho yake yakageuka manjano. Daktari aliyemwona alimwambia kwamba ana virusi vya homa ya ini aina ya B, na kwamba ini lake limekwisha kuota makovu, dalili ya kuwa amekaa na ugonjwa huo miaka mingi, pengine tangu utotoni. Kufikia siku hiyo alikuwa na mke na watoto wawili.

Jina lake hatulitaji. Wala hatuvitaji vituo vilivyomtoa damu, kwa kuwa hatukuandika waraka huu ili kumwaibisha muuguzi aliyechoka anayefanya kazi ya watu watatu. Tunauliza swali ambalo kijana huyu alituuliza akiwa kitandani, nasi hatukuwa na jibu: damu yangu ilipimwa mara ngapi?

Tumelipima jambo hili kila upande, na kwa kadiri tuonavyo ni moja kati ya mawili. Ama damu yake ilipimwa, ikaonekana ina virusi, ikateketezwa, naye akaachwa arudi kwa mkewe bila kuambiwa kitu. Ama haikupimwa sawasawa, ikaingizwa katika mishipa ya wagonjwa tusiowajua. Wakuu wa afya watuambie ni lipi lililotukia. Lolote watakalolichagua ni kosa, na lolote watakalolichagua lina wahanga wake.

UGONJWA USIOPIGA HODI

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, maana katika mitaa yetu jina moja hubeba maradhi mengi. Ipo homa ya ini ya aina ya A na ya E, ambayo huletwa na maji na vyakula vilivyochafuka kwa kinyesi. Hiyo twaifahamu sisi tunaonunua maji ya mitungi kutoka mabomba yaliyopita ndani ya mitaro. Lakini ipo ya aina ya B na ya C, nayo husafiri kwa damu. Hupita katika sindano iliyotumiwa mara ya pili, katika wembe wa kinyozi, katika tendo la ndoa, katika uzazi kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, na katika damu anayowekewa mgonjwa. Virusi vya aina ya B huweza kukaa nje ya mwili kwa muda wa siku 7 vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza.

Adui huyu hana haraka. Mtu huweza kuishi naye miaka 20 akibeba mawe, akiimba kwaya, akilea watoto, pasipo kuumwa hata kichwa. Siku anapojitokeza, mara nyingi ini limekwisha kuwa kovu au limeshikwa na saratani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini ya aina ya B mwaka 2022, na milioni 50 wakiishi na ya aina ya C, na kwamba maradhi haya huua watu milioni 1.3 kwa mwaka. Kati ya maambukizo mapya ya aina ya B, 63 kwa kila 100 yalitokea hapa Afrika.

Na hapa kwetu? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007, uliopima damu ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64, ulionyesha kwamba watu 2 hivi kati ya kila 100 wana virusi vya aina ya B. Tulichukue hesabu hilo kanisani kwetu. Wakisimama watu wazima 100 kutoa damu baada ya ibada, huenda 2 kati yao wana ugonjwa huu nao hawajui. Ikiwa makanisa 10 ya Kawangware yataitikia mwito huo, ni watu 20. Hao 20 wana wake, waume, watoto na wachumba.

Sasa tusikilizane kwa makini. Shirika hilo hilo la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 100 wenye homa ya ini ya aina ya B duniani, ni 13 tu waliokuwa wamekwisha kupimwa na kuambiwa kufikia mwisho wa 2022, na 3 tu waliokuwa wakipata dawa. Wengine wote wanatembea gizani. Kwa maskini wa Kibera asiyeumwa, ambaye hana sababu wala fedha ya kwenda maabara, meza ya kutolea damu ni karibu mahali pekee ambapo damu yake hupimwa ugonjwa huu bila malipo. Kanuni za taifa zinataka kila painti ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya B, homa ya ini ya C na kaswende. Kwa hiyo taifa linayajua yaliyomo katika miili yetu. Linajua, linaandika katika daftari, linatupa mfuko, kisha linanyamaza. Huo ndio uovu tunaoupinga.

TULIFIKAJE HAPA

Si mara ya kwanza damu ya Wakenya kutendewa hivi. Mwaka 1994 watafiti walichunguza damu iliyotolewa katika hospitali 6 za serikali, na matokeo yalipochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001, nchi iliambiwa kwamba takriban painti 2 kati ya kila 100 walizowekewa wagonjwa ziliwaambukiza virusi vya UKIMWI. Watu walikwenda hospitali kuokolewa, wakatoka na kifo ndani ya mishipa. Enzi hizo ndizo zile ambazo maskini alianza kutozwa ada katika hospitali za umma kwa jina zuri la kugawana gharama. Gharama tuligawana. Habari hatukugawana.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani hapa Nairobi. Zaidi ya watu 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Watu wa jiji hili walijipanga foleni kutoa damu, tajiri na maskini, Mkristo na Mwislamu, na msiba huo ukadhihirisha kwamba taifa halikuwa na huduma ya damu iliyo imara. Baada ya hapo ndipo huduma ya damu ya taifa ilipoundwa na vituo vikajengwa, kwa sehemu kubwa kwa fedha za Wamarekani. Lakini nyumba iliyojengwa kwa mkopo wa jirani huezuliwa jirani akiondoka. Msaada huo ulipofika kikomo mwaka 2019, mifuko ya kukusanyia damu na vitendanishi vya kupimia viliadimika, na jamaa za wagonjwa wakarudi kuzunguka mitaani kutafuta watu wa kujazia. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulikumbushwa tena kwamba taifa lisilonunua lenyewe vifaa vya kupimia damu yake halijawa huru sawasawa.

Na aliye wa kwanza kuitwa kujazia damu ni nani? Ni sisi. Hospitali Kuu ya Kenyatta na ile ya Mbagathi ziko ng'ambo ya barabara tu kutoka Laini Saba. Mgonjwa akilazwa pale, ujumbe hufika Kibera kabla ya jua kutua: njooni, mtu wetu anahitaji damu. Nasi huenda, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji. Mtu anayejazia kwa ajili ya ndugu yake hawezi kujieleza kwa uhuru akiulizwa maswali ya siri kuhusu afya yake, huku shangazi zake wote wakimngoja nje ya mlango. Ndiyo maana wataalamu wa ulimwengu mzima wamekubaliana kwamba damu iliyo salama zaidi ni ya yule ajitoleaye kwa hiari, bila malipo wala shinikizo, na anayerudi mara kwa mara. Lakini nani atarudi mahali ambapo aliita asiitikiwe?

FOLENI NA MATOKEO

Wazee wetu wanaukumbuka uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988. Watu walipanga foleni mchana kweupe nyuma ya wagombea wao. Kila mwenye macho aliona foleni ipi ni ndefu na ipi ni fupi. Kisha, katika sehemu nyingi, akatangazwa mshindi yule aliyekuwa na watu wachache. Hasira ya siku hiyo iliwatoa wachungaji na mawakili na wanafunzi kwenda barabarani, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichotufunga katika chama kimoja kikafutwa. Fundisho tulilopata ni hili: mtu akipanga foleni kisha akanyimwa matokeo yake, foleni ile haikuwa yake.

Leo tunapanga foleni nyingine, mikono imekunjuliwa, na matokeo hatupewi. Katiba ya mwaka 2010, ambayo watu waliipigania kwa machozi na kwa damu, inasema katika Ibara ya 35 kwamba kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Ni habari gani iliyo ya mtu kuliko habari ya damu yake mwenyewe?

WANAOTUPINGA NA MAJIBU YETU

Wapo watakaosema kwamba tunawatisha watu wasitoe damu. Tunakana. Mama anayevuja damu akijifungua hana muda wa kungoja ugomvi wetu na wizara umalizike, na mtoto mwenye malaria aliyeishiwa damu hawezi kungoja uchaguzi ujao. Tutaendelea kutoa damu, na tunamsihi kila mwenye afya aitoe. Wanaowafukuza watoaji ni wale wanaowatumia kama kisima: huteka, hufunika, huondoka.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni siri. Kweli ni siri, na Ibara ya 31 inailinda. Lakini siri hiyo ni ya nani? Ni ya yule aliyechomwa sindano. Kuilinda siri yangu dhidi yangu mimi mwenyewe ni mzaha wa kikatili.

Wapo watakaosema kwamba watoaji huandika nambari za simu zisizopatikana, hasa vijana wa mitaa ya vibanda wanaohama kila kodi inapopanda. Jambo hili lina ukweli ndani yake. Lakini serikali iliyoanzisha Hazina ya Hasla Novemba 2022 iliweza kumfikia mama mboga na mwendeshaji wa boda boda kwa simu, ikamkopesha, ikamkumbusha deni lake. Yajua kututafuta tunapodaiwa. Ijifunze kututafuta sisi tunapodai.

Wapo, mwisho, watakaosema hakuna fedha. Tangu Oktoba 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya Bima ya Afya ya Jamii. Hatuombi sadaka. Tunauliza matumizi ya fedha yetu. Na tunauliza jambo jingine: mwenye virusi vya UKIMWI hupewa dawa zake bila malipo, nayo ni haki iliyopatikana kwa mapambano, isiguswe. Miongoni mwa dawa hizo imo tenofoviri, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayovituliza virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Kwa nini basi yule mwenye homa ya ini peke yake aandikiwe kikaratasi akainunue dukani? Kidonge ni kimoja, nchi ni moja, umaskini ni mmoja. Na homa ya ini ya aina ya C hupona kabisa kwa vidonge vya muda wa wiki 12 hivi, kwa watu zaidi ya 95 kati ya kila 100. Kumwacha mtu afe kwa ugonjwa unaopona ni kumhukumu bila kesi.

NASI TUNA DENI

Hatutakuwa wakweli tukimnyoshea mkuu kidole na kuficha vyetu. Makanisa yetu yameyaalika magari ya kukusanya damu, yakapiga picha, yakatangaza idadi ya painti kutoka mimbarini, yakapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza baada ya miezi mitatu: wale waliotoa, wameambiwa nini? Tulifanya kama Mlawi aliyepita upande wa pili wa njia, tena sisi tulipita tukiimba.

Na kuna aibu iliyo kubwa zaidi. Kijana wetu aliporudi nyumbani na jina la ugonjwa wake, wapo ndugu katika imani waliomtengea kikombe cha chai. Wapo walionong'ona kwamba ni pombe, wengine kwamba ni laana. Wapo waliompeleka kwa mwenye kuuza chupa za majani, akamla fedha za dawa. Tuseme wazi: ugonjwa huu hauambukizi kwa kusalimiana, wala kwa kukumbatiana, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kikombe. Anayemtenga mgonjwa anamfundisha jirani yake kuficha, na mficha maradhi, kilio humfichua.

Msamaria yule tunayemhubiri hakutosheka kumfunga majeruhi vidonda. Alimfikisha mahali pa kulala, akalipa, akaahidi kurudi kukagua. Kurudi kukagua ndiko kulikokosekana, serikalini na kanisani pia.

TUNADAI

Kwanza, kila mtoa damu apate majibu yake ndani ya siku 30, kwa siri, kwa lugha anayoielewa. Anayekutwa na ugonjwa asipewe habari hiyo kwa ujumbe wa simu. Aitwe, akalishwe chini, aelezwe na mtu aliyefunzwa.

Pili, anayekutwa na homa ya ini akabidhiwe barua ya kliniki iliyotajwa jina, apimwe tena, apewe dawa bila malipo akizihitaji. Mwenzi wake na watoto wake wapimwe, na wasio na ugonjwa wachanjwe. Wizara na kaunti ziache kurushiana mpira, mmoja akisema damu ni ya taifa na mwingine akisema mgonjwa si wa kwake.

Tatu, chanjo ifike kwa waliosahauliwa. Watoto wa Kenya walianza kuchanjwa homa ya ini ya aina ya B mwishoni mwa 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo, yaani wengi wa baba na mama zetu, vinyozi, wazoa taka na wahudumu wa afya wa mitaani, hawakupata. Dozi ni 3 tu. Na kila mtoto achanjwe katika saa 24 za kwanza za maisha yake, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri tangu 2009. Ratiba iliyoanza 2001 ilimngojesha hadi wiki ya sita, ilhali katika watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, 9 hubaki na ugonjwa huo maishani.

Nne, kila mwaka itangazwe, kaunti kwa kaunti, ni painti ngapi zilizokusanywa, ngapi zilizotupwa, kwa ugonjwa gani, na ni watoaji wangapi walioambiwa. Kama tulivyodai kura zihesabiwe mbele ya macho ya waliozipiga, ndivyo tunavyodai hesabu hii.

Tano, fedha za vitendanishi na mifuko ya damu zitoke katika bajeti yetu wenyewe, ziandikwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuzisoma.

Wakati tunangoja, hatutakaa bure. Tunayaomba makanisa, na misikiti ya Makina na ya Kawangware, kwamba kabla ya kulikaribisha gari lolote la kukusanya damu, wahusika watie sahihi ahadi ya siku ya kuleta majibu. Kila kundi liwachague watu wawili wa kuaminika wa kutunza tarehe na idadi ya waliotoa, bila majina yao. Siku 30 zikipita kimya, tutakwenda pamoja hadi mlangoni, kila mtu na kadi yake mkononi, kwa amani na kwa utaratibu, kuulizia kilicho chetu.

Kijana wa Gatwekera sasa anatumia dawa, ambayo waumini wanachanga kuinunua. Mke wake amepimwa, hana ugonjwa, naye ameanza kuchanjwa. Mtoto mkubwa ni mzima. Mdogo alipimwa juma lililopita, nasi tunangoja majibu.

Tunangoja, lakini safari hii tumeandika tarehe.